Umaskini Wenye Muhuri

Kati ya mwezi wa Mei, wanafunzi wa Kidato cha Sita nchini Tanzania wanapoweka kalamu chini, na mwezi wa Oktoba au Novemba, vyuo vikuu vinapofungua milango, kuna msimu ambao haumo katika kalenda ya wakulima wala ya wavuvi, lakini ambao hukosesha kaya nyingi usingizi kuliko masika na vuli zikijumlishwa pamoja. Ni msimu wa kuomba mkopo wa elimu ya juu. Dalili zake hazihitaji mtabiri: masanduku ya mvunguni hufunguliwa, bahasha za kaki hupanguswa vumbi, watu wazima huanza kuulizana walizaliwa mwaka gani, na ndugu ambaye hajakumbukwa tangu arusi ya mwisho ya ukoo hupigiwa simu alfajiri, akaamkiwa kwa adabu isiyo ya kawaida, kisha akaulizwa kama kitambulisho chake cha taifa bado anacho.

Mkopo unaozungumziwa hapa hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo cha serikali kilichoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Fedha zake hugawanywa katika mafungu yenye majina ya kiofisi, yaani ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Lakini fungu la chakula na malazi, ambalo humfikia mwanafunzi mwenyewe mkononi, limepewa na wanafunzi jina la bumu, na ndilo pekee ambalo ukoo mzima hulifahamu kwa kiasi chake. Kwa kuwa waombaji ni wengi kuliko fedha, kila mmoja hupimwa uhitaji wake, maana yake huchunguzwa kama familia yake ina uwezo wa kumsomesha bila msaada, na uchunguzi huo haufanywi kwa kutembelea nyumba na kuchungulia masufuria, bali kwa kusoma maelezo ya fomu pamoja na vielelezo, yaani karatasi zinazothibitisha kwamba kilichoandikwa ni kweli.

Hapo ndipo chanzo cha vituko vyote vitakavyojadiliwa katika insha hii. Familia ya kawaida hutumia miaka ishirini ya malezi kuficha upungufu wake: mgeni akija hukopwa sukari kwa jirani kupitia dirisha la nyuma, mtoto hufundishwa kusema ameshiba, na kiti kizima cha pekee huwekwa sebuleni kikitazama mlango. Kisha, katika muda wa wiki chache, familia hiyo hiyo hutakiwa kuutoa upungufu hadharani, kuuandika kwa herufi kubwa, kuugongea muhuri wa serikali ya mtaa na kuutuma kwa mtandao. Anayedhani kwamba kazi ya kumsaidia mwombaji ni kazi ya kompyuta hajawahi kuifanya; kompyuta ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni upatanishi kati ya heshima ya nyumba na nafasi tupu za fomu, ambazo hazikubali kuachwa zikiwa tupu.

Msaidizi, kwa maana inayotumika hapa, ni mtu yeyote anayeketi mbele ya kompyuta au simu na kuijaza fomu pamoja na mwombaji na wazazi wake, bila kuajiriwa kwa kazi hiyo na, mara nyingi, bila kulipwa. Anaweza kuwa mwalimu wa sekondari, binamu aliyehitimu chuo mwaka uliotangulia, katibu wa kwaya, au kijana wa steshenari, yaani kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, ambacho msimu huu hubandika ukutani tangazo kwamba maombi ya mkopo hujazwa hapo, chini ya tangazo la zamani kwamba simu huchajiwa hapo. Sifa zinazomfanya mtu ateuliwe kuwa msaidizi wa ukoo hazina uhusiano mkubwa na ujuzi. Katika koo nyingi inatosha kwamba alionekana mara moja akiwa amebeba kompyuta ya mkononi, hata kama alikuwa akiipeleka kwa fundi. Mwandishi wa insha hii, ambaye naye amewahi kuteuliwa kwa utaratibu huo, anaweza kushuhudia kwamba uteuzi wenyewe hauna rufaa: shangazi husema tu, “Mwanangu, wewe si ndiye unayejua mambo ya mtandao?” na kikao hufungwa kwa dua.

Ajali zinazompata msaidizi zinaweza kugawanywa katika makundi manne, nayo ni ajali za majina, ajali za heshima, ajali za muhuri na ajali za saa ya mwisho, ingawa katika nyumba iliyojaliwa zote nne hutokea kabla ya chakula cha mchana.

Ajali za majina hutokana na ukweli kwamba mfumo wa maombi humtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa Kidato cha Nne, ambayo hutolewa na Baraza la Mitihani na kubeba ndani yake namba ya shule, namba ya mtahiniwa na mwaka. Namba hiyo haina utata, na kwa hiyo ndicho kitu pekee ambacho nyumba nzima hukubaliana juu yake. Utata huanza pale namba inapotakiwa kukutana na cheti cha kuzaliwa. Kwa mujibu wa sheria ya Tanzania Bara, kizazi hutakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90, lakini familia nyingi hulikumbuka jambo hilo pale shule inapolidai, hivi kwamba si ajabu kumkuta “mtoto” anayeandikishwa akiwa amesimama mbele ya msajili, mrefu kumpita mama yake, akisaidia kutaja tarehe ya kuzaliwa kwake mwenyewe. Kati ya kuzaliwa na kuandikishwa, jina limekwisha kupita katika mikono mingi: bibi alimpa la mizimu, shehe au padri akampa la dini, mwalimu wa darasa la kwanza akaandika alilolisikia siku ya mvua kubwa kwenye paa la bati, na karani wa kitambulisho cha taifa akaandika lililoingia katika kisanduku. Matokeo yake ni kijana ambaye ni Mohamed kwenye cheti cha shule, Muhammad kwenye cheti cha kuzaliwa na Mohamedi kwenye kitambulisho, na ambaye akiitwa nyumbani haitikii lolote kati ya hayo matatu, kwa sababu nyumbani huitwa Babu.

Dawa ya ajali hii ni kiapo cha majina, yaani tamko la kisheria linalotolewa mbele ya wakili au hakimu kwamba watu watatu wanaoonekana katika karatasi ni mtu mmoja. Mtu huyo mmoja, wakati tamko likiandaliwa, huwa ameketi kwenye benchi la nje akinywa soda, asijue kwamba kuwepo kwake kumekuwa jambo la kuapiwa. Baada ya hapo cheti cha kuzaliwa hupelekwa kuhakikiwa, kwa upande wa Bara na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, unaojulikana na wote kwa jina la RITA, na kwa upande wa Zanzibar na wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii. Uhakiki maana yake ni kuthibitisha kwamba cheti kinalingana na kumbukumbu zilizo katika daftari la serikali. Ni katika hatua hii ambapo baadhi ya familia hugundua kwamba cheti walichokihifadhi kwa miaka mingi ndani ya Biblia au msahafu, kikiwa kimefunikwa kwa plastiki ngumu ili kisiharibike, kilipatikana kwa msaada wa bwana mmoja mwenye heshima aliyekuwa na meza chini ya mwembe karibu na ofisi, na si ndani ya ofisi.

Gumu zaidi ni suala la baba. Fomu humuuliza mwombaji kama wazazi wake wako hai, na kama mmoja amefariki hudai cheti cha kifo kilichohakikiwa, jambo ambalo ni la haki, kwa kuwa yatima hupewa kipaumbele. Lakini katika ukoo ambao baba mkubwa ndiye aliyemlea mtoto, akamlipia ada na kumwandikisha shule kwa jina lake ili maswali yasiwe mengi, hali ya baba huwa na utata mkubwa. Msaidizi anaweza kujikuta ana karatasi moja inayosema baba alifariki zamani, na nyingine inayosema baba ni mzima, wakati baba mwenyewe wa karatasi ya pili yuko uani akiuliza chai imefikia wapi. Kumweleza mzee wa watu kwamba kwa manufaa ya mtoto itabidi arudi kuwa baba mkubwa, baada ya miaka kumi na nane ya kuwa baba kamili, ni kazi inayohitaji mshenga, na si ajabu kwamba mara nyingi hukabidhiwa bibi, ambaye humaliza jambo kwa sentensi moja: “Karatasi ziseme zinavyotaka, wewe ndiye baba yake.”

Kundi la pili, ajali za heshima, ndilo lenye utajiri mkubwa wa mifano. Msaidizi anapofika kwenye swali la kazi ya mzazi, ukimya huingia sebuleni. Baba anayeuza mitumba kwa kuizungusha mitaani begani hataki kuandikwa machinga. Hupendekeza mfanyabiashara, kisha, akitiwa moyo na kimya cha wengine, husogea hadi mjasiriamali, na asipozuiwa mapema huishia kuwa mkurugenzi. Mama anayepika vitumbua alfajiri huona kwamba neno linalofaa ni huduma za chakula. Msaidizi akieleza kwa upole, “Mzee wangu, hapa tunaomba mkopo, hatuombi kazi,” huonekana amekosa adabu, na swali la pili, la kipato kwa mwezi, huwa limeharibika kabla ya kuulizwa, kwa sababu hakuna baba atakayetaja pato lake halisi mbele ya mke wake, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitajiwa kiasi kingine. Wasaidizi wenye uzoefu hulitatua jambo hili kwa kumtuma mama jikoni, kisha kumtuma baba msikitini au dukani, na kujaza wastani wa majibu mawili.

Upande wa pili wa ajali hiyo hiyo huonekana katika nyumba zenye uwezo, ambazo msimu huu hupata maradhi ya kinyume. Mtu ambaye mwaka mzima ametembea na ufunguo wa gari ukining'inia kidoleni huamka siku moja akiwa mkulima, na shamba lake, likichunguzwa, huonekana kuwa mche mmoja wa mchicha ndani ya tairi kuukuu. Ukulima umegeuka kimbilio la wote, na laiti takwimu za kilimo zingekusanywa kutokana na majibu yaliyopendekezwa sebuleni katika msimu wa mkopo, nchi ingeonekana kuwa na ziada ya mahindi isiyo na pa kuwekwa. Lakini ujanja huu una mipaka, kwa kuwa fomu huhitaji pia historia ya shule, na mwombaji aliyesomea sekondari yenye bwawa la kuogelea hulazimika kueleza ni jembe gani lililolipa ada hiyo, na kama alifadhiliwa, aambatishe barua ya mfadhili.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa mvutano kati ya heshima na karatasi ni ule wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao kupitia mpango wa kunusuru kaya maskini huzipatia kaya zilizotambuliwa ruzuku ndogo. Waombaji wanaotoka katika kaya hizo huweza kuthibitisha uhitaji wao kwa kutaja namba ya kaya, bila maelezo marefu. Kuna familia ambazo, wakati watambuzi wa mpango walipopita kijijini, zilivaa nguo za Idi na kuwapikia wali kwa kuku, zikaagana nao kwa kusema kwamba Mungu ni mwema na hazina shida yoyote. Na ndizo hizo ambazo, miaka michache baadaye, humuuliza msaidizi kama namba ya kaya ya jirani haiwezi kuazimwa. Wahenga waliposema mficha uchi hazai hawakuwa wakifikiria mikopo ya elimu ya juu, lakini ni vigumu kupata muhtasari bora zaidi wa kanuni za upimaji wa uhitaji.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Nchini Kenya, ambako Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1995, serikali ilileta mwaka 2023 utaratibu mpya wa kugharimia vyuo vikuu, ambao ulifika mahali pa kuwapanga wanafunzi katika makundi matano kulingana na uwezo wa familia, la kwanza likiwa la wahitaji zaidi na la tano la wenye nafuu. Malalamiko yaliyofuata, ambayo yalifika hadi mahakamani, yalikuwa na upande wa uchungu na upande wa kuchekesha, na ule wa kuchekesha ni kwamba wazazi waliotumia maisha yao yote kutamani kuhesabiwa miongoni mwa wenye nafuu walipata habari kwamba wamefika huko, na wakaomba warudishwe haraka.

Tukirejea Tanzania, ajali za muhuri huanza fomu inapokwisha kujazwa na kuchapwa. Kabla ya kufika huko, mwombaji huwa amelipa ada ya maombi ya shilingi 30,000 isiyorejeshwa, kwa kutumia namba ya malipo ya serikali ambayo mitaani huitwa kontroli namba, na hii nayo ina vituko vyake, kwa kuwa mjomba aliyetumiwa namba hiyo ili alipe huweza kuipigia simu na kulalamika kwamba haipokelewi. Fomu iliyochapwa hutakiwa kutiwa saini na mwombaji, na mdhamini, na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, au sheha kwa Zanzibar, na pia kuthibitishwa na kamishna wa viapo au hakimu. Kwa maneno mengine, inahitaji watu wanne wenye ratiba tofauti, mihuri miwili na wino ambao haujakauka.

Mdhamini ni mtu anayesimama nyuma ya ahadi ya mwombaji kwamba mkopo utarejeshwa. Maelezo haya mafupi yanatosha kuwafanya wajomba wawili kati ya watatu wakumbuke safari. Ndugu ambaye katika sherehe ya mahafali alishika kipaza sauti na kutangaza kwamba mtoto huyu ni wa ukoo mzima, hugundua siku ya kudhamini kwamba mtoto ni wa upande wa mama. Anayekubali hatimaye huwa ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote na mwenye moyo mkubwa kuliko wote, na kwa kuwa fomu hutaka pia picha yake ndogo ya pasipoti, hupelekwa studio, ambako mpiga picha humvalisha koti la suti na tai vilivyotundikwa ukutani kwa kazi hiyo. Kwa njia hii familia inayoapa kwamba haina kitu huambatisha picha ya mdhamini anayeonekana kama mwenyekiti wa benki, ilhali chini ya koti, mahali ambapo kamera haikufika, amevaa kikoi.

Kiongozi wa mtaa kwa upande wake hana ubaya, ila ana misiba. Ni kanuni isiyoandikwa ya utawala wa mitaa kwamba siku mwombaji anapofika, mwenyekiti huwa amekwenda mazikoni, na muhuri uko kabatini kwake, na ufunguo wa kabati uko mfukoni mwake, na mfuko uko mazikoni. Akipatikana, huwa ndiye mtu pekee katika mlolongo mzima ambaye fomu haiwezi kumdanganya, kwa sababu anaijua nyumba, anamjua baba na analijua lile gari. Husoma ukurasa polepole, akatazama juu ya miwani na kuuliza, “Kwa hiyo sasa wewe ni mkulima?” Kisha, kwa ubinadamu uliomfanya achaguliwe, hushauri pasahihishwe kabla hajagonga. Wengi waliokosoa upimaji wa uhitaji hawajatambua kwamba chombo chake makini zaidi ni mzee huyu mwenye miwani.

Kundi la nne ni ajali za saa ya mwisho. Dirisha la maombi, yaani muda ambao mfumo huwa wazi kupokea fomu, kwa kawaida hudumu kwa wiki nyingi, na tarehe ya kufungwa imewahi kusogezwa mbele katika miaka tofauti, jambo ambalo lilikusudiwa kuwa huruma lakini likapokewa na umma kama desturi. Hivi sasa familia inayoambiwa kwamba mwisho ni leo usiku huuliza, “Leo hii ya kweli, au ile ya kwanza?” Usiku wa kufunga, waombaji ambao miezi yote wamekuwa na mambo mengine hukumbuka kwa pamoja, na mfumo huelemewa kwa namna ambayo daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni ingeielewa vizuri. Ni katika saa hizo ambapo ukurasa wa saini hupigwa picha kwa simu ukiwa umelala juu ya meza, na picha ikiisha kupakiwa, yaani kuingizwa katika mfumo, hugunduliwa kwamba imenasa saini zote, mihuri yote, kidole gumba cha mpigaji na nusu ya sahani ya maharage. Wazee waliozoea enzi za kutuma fomu kwa huduma ya EMS ya posta, ambapo risiti ilitunzwa kwa uangalifu kuliko cheti cha ndoa, hutikisa vichwa na kusema kwamba zamani angalau mtu aliona bahasha ikiondoka.

Ajali hizi huongezewa uzito na mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Tangu mwaka 2013, vijana wanaohitimu Kidato cha Sita huitwa kwa mujibu wa sheria kwenda katika kambi za jeshi hilo, na mafunzo yenyewe huangukia katika miezi hiyo hiyo ya maombi. Basi hutokea mwombaji yuko Bulombora mkoani Kigoma akikimbia mchakamchaka, fomu yake iko Tandika ikisubiri, mdhamini wake yuko Masasi akihudumia mikorosho, na neno la siri la kufungulia akaunti, ambalo kijana alilichagua peke yake bila ushauri wa wakubwa, liko kichwani mwake tu. Anapopatikana hatimaye kwa simu ya kuazima, huku simu ya nyumbani ikiwa imewekwa sauti ya nje ili wote wasikie, hulazimika kulitaja herufi kwa herufi, na herufi zikikamilika huonekana kuwa jina la kijana wa nyumba ya tatu na mwaka wake wa kuzaliwa. Katika hali kama hiyo msaidizi mwenye busara huandika haraka, hafanyi maoni yoyote na humuuliza baba kuhusu bei ya saruji.

Majibu hutolewa kwa awamu, maana yake majina ya waliopangiwa mkopo hutangazwa kwa makundi, na kila awamu huzaa taaluma yake ya ufafanuzi. Mwombaji aliyekosa katika awamu ya kwanza huambiwa na majirani kwamba awamu ya pili ndiyo nzuri, na aliyepata sehemu tu ya mahitaji yake huanza kulinganisha kiasi chake na cha mtoto wa nyumba ya pili, ambaye baba yake, kama inavyojulikana na wote, ana bajaji mbili. Kuna nafasi ya kukata rufaa, yaani kuomba maamuzi yaangaliwe upya kwa kuongeza vielelezo, na ni wakati wa rufaa ambapo baba aliyekataa kuandikwa machinga hurudi kwa msaidizi jioni, bila mke wala mashahidi, na kusema kwa sauti ya chini, “Kijana wangu, hebu tuangalie tena pale kwenye kazi.”

Waliofanikiwa nao hawakosi matatizo. Fungu la chakula na malazi lilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na kabla mwanafunzi hajapanda basi ukoo huwa umelizidisha kwa siku za muhula na kuligawa: bati za nyumba ya bibi, ada ya mdogo wake, na kilichobaki, kama kipo, kiwe cha kula. Msaidizi hulazimika kufungua somo jipya na kueleza kwamba mkopo si zawadi, kwamba hurejeshwa, na kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi, badala ya asilimia 8 ya hapo awali, ingawa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha iliondolewa mwaka 2021. Wazee husikiliza hesabu hizi kwa makini, kisha mmoja wao huuliza swali la msingi kuliko yote, kama Bodi inafahamu kwamba kwanza mtoto inabidi aajiriwe.

Kutokana na yote yaliyoelezwa, mtu anayetaka kumsaidia mwombaji hana haja kubwa ya kusomea kompyuta, ambayo kijana yeyote wa steshenari anaiweza. Anachohitaji ni kuketi na familia mapema, ikiwezekana miezi kadhaa kabla ya dirisha kufunguliwa, wakati hakuna anayekimbizana na saa, na kuuliza maswali ambayo fomu itauliza baadaye bila adabu: ni nani hasa baba, cheti kilitoka wapi, nyumba inaingiza kiasi gani, nani atadhamini na nani atasafiri ghafla. Maswali hayo yakijibiwa sebuleni, karatasi hufuata zenyewe, kwa kuwa karatasi nyingi zinazopotea katika msimu huu hazikupotea, bali zilifichwa. Familia ambayo wanafamilia wake wameweza kuambiana ukweli kuhusu hali yao kabla ya kuambatisha picha ya mdhamini huwa imekwisha kumaliza nusu ya fomu. Nusu iliyobaki itategemea mtandao, umeme, na kama mwenyekiti ameacha ufunguo.